Stempu ya Shilingi Moja: Filbert Bayi na Mbio za Montreal

Mwanzoni mwa Julai 1976 posta za Afrika Mashariki zilitoa stempu nne za kuadhimisha Michezo ya Olimpiki iliyokuwa karibu kufanyika katika mji wa Montreal, nchini Kanada. Stempu ya senti 50 ilikuwa na picha ya John Akii-Bua, mruka viunzi wa Uganda. Ya shilingi 1 ilimwonyesha Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania. Ya shilingi 2 ilimwonyesha Stephen Muchoki, mwanamasumbwi wa Kenya. Na ya shilingi 3 ilichorwa mwenge wa Olimpiki pamoja na bendera za nchi za Afrika Mashariki. Michezo ilifunguliwa tarehe 17 mwezi huo huo. Kati ya wanamichezo watatu waliochorwa, hapana hata mmoja aliyeshindana Montreal. Stempu zilikuwa zimekwisha kuchapwa, zimekwisha kusambazwa, na zilikuwa zikibandikwa juu ya barua. Wenye sura zile walibaki nje ya michezo waliyochorewa.

Mwanahistoria huzoezwa kuiheshimu karatasi iliyochapwa na serikali. Walakini hapa pana karatasi ya serikali ambayo, ikisomwa peke yake, yaweza kumpotosha msomaji akadhani kwamba Bayi alikimbia Montreal. Na mtu akiiacha hiyo akaenda kwenye orodha ya matokeo ya mashindano, atapotoka kwa upande wa pili, maana hatalikuta jina la Bayi popote, naye yumkini akadhani kwamba Tanzania ya mwaka ule haikuwa na mkimbiaji wa kutajwa. Ukweli umekaa katikati ya karatasi hizo mbili.

Katika nchi nyingine sura za wanamichezo huhifadhiwa kwa njia tofauti. Huko Marekani, na baadaye Japani, wachezaji wa besiboli walichapwa katika vipande vya kadi vilivyouzwa pamoja na vitu vya kutafuna. Kampuni ya Calbee ya Japani ilianza mwaka 1973 kutia kadi za wachezaji pamoja na pakiti za vitafunio, na tangu hapo mrusha mpira wa nchi hiyo aliyekwisha kustaafu huweza kuufuata mwendo wa maisha yake, mwaka baada ya mwaka, katika kadi ambazo watoto walizibadilishana shuleni. Tanzania haikuwa na kadi za namna hiyo. Wala, katika miaka ya Bayi, Tanzania Bara haikuwa na televisheni; ilianza kuonekana mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia kuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Sifa za mkimbiaji zilisafiri kwa redio, yaani kwa sauti isiyo na sura, na kwa magazeti ambayo picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa wananchi wengi stempu ya shilingi 1 ndiyo iliyokuwa kadi ya Filbert Bayi.

Mtu na atafakari safari ya stempu hiyo hadi pembe ya mbali ya nchi, mathalan hadi Milanzi, kando ya mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa chini ya milima ya Mbizi. Mkoa wa Rukwa ulikuwa mchanga bado, umeanzishwa mwaka 1974. Barabara ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa ya udongo. Reli ya TAZARA, inayopita Tunduma kuelekea Zambia, ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, siku tatu kabla ya Michezo ya Montreal kufunguliwa. Jambo hili si la kupitwa upesi. Reli ile ilijengwa ili Zambia isilazimike kupitisha bidhaa zake katika nchi zilizotawaliwa na walowezi huko kusini. Na Bayi alizuiwa kukimbia kwa sababu ya kusini huko huko. Mtu wa Ufipa, ambaye mpaka wa Zambia ni jirani yake, hakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba mambo ya Afrika Kusini yalikuwa mambo yake.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, tarehe 23 Juni 1953. Alilitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na akiwa kijana wa miaka 19 alipelekwa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972. Huko aliingia katika mbio za mita 1500 na zile za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akatolewa katika hatua ya mchujo kote kuwili. Hapana aliyemtazama. Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500. Na Keino wakati ule alikuwa jina kubwa kupita yote katika mbio za Afrika, bingwa wa Olimpiki wa umbali huo huo mwaka 1968. Katika kiangazi cha mwaka 1973 Bayi alizunguka Ulaya, akikimbia mbio baada ya mbio kwa namna ambayo wajuzi waliiona kuwa ni utovu wa busara.

Namna hiyo yahitaji maelezo kidogo. Katika mbio za mita 1500 hekima ya siku zile ilikuwa ni kujificha: mkimbiaji hukaa nyuma ya wenzake, huwaacha wao wapambane na upepo, kisha huchomoka katika mzunguko wa mwisho. Anayekaa mbele hubeba mzigo wa wote. Bayi aliukataa mpango huo. Bastola ilipolia alikwenda mbele, na aliendelea kwenda mbele, kwa kasi iliyofaa mbio fupi zaidi, hata wenzake wakapigwa na bumbuazi wasijue kama wamfuate au wamngojee achoke. Aghalabu alichoka kweli. Lakini pengo alilolifungua lilikuwa kubwa, na uchovu wake ulikuja umechelewa.

Tarehe 2 Februari 1974, katika uwanja wa Queen Elizabeth II Park mjini Christchurch, New Zealand, palikuwa na fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Walikuwapo Ben Jipcho wa Kenya, mkimbiaji aliyekuwa katika kilele chake, na vijana wawili wa nchi mwenyeji, Rod Dixon na John Walker. Bayi alifanya kama ilivyokuwa desturi yake. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa muda wa takriban sekunde 55, na alipofika mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kiasi cha mita 20. Katika mzunguko wa mwisho pengo lilianza kupungua. Walker alimkaribia, akamkaribia tena, na watazamaji wa nchi yake walisimama. Lakini Bayi alipoingia katika mita za mwisho aliongeza mwendo, jambo ambalo mtu aliyekwisha kukimbia hivyo hakutazamiwa kuliweza. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 na sekunde 33.1, ilikuwa imedumu tangu mwaka 1967. Sasa watu wawili waliivunja katika mbio moja, maana Walker naye alimaliza kwa 3:32.52. Wako wanaosema kwamba hizo ndizo mbio bora za mita 1500 zilizopata kukimbiwa. Huenda maneno hayo yametiwa chumvi, lakini ni vigumu kutaja mbio nyingine ambamo mtu mmoja aliamua kila kitu tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Sasa yafaa kuuliza swali ambalo wanaosimulia mbio zile huliacha. Kwa nini Bayi alikuwapo Christchurch? Mwaka 1973 timu ya raga ya Afrika Kusini, ya makaburu, ilialikwa kuizuru New Zealand. Kama ziara ile ingalifanyika, nchi nyingi za Afrika zingalijitoa katika Michezo ya Christchurch. Hilo lilijulikana wazi. Waziri Mkuu wa New Zealand, Norman Kirk, aliingilia kati na kuizuia ziara, ingawa wananchi wengi wa nchi yake, ambao kwao raga ni kitu cha karibu na dini, walimchukia kwa tendo hilo. Hivyo njia ya Tanzania, Kenya na Uganda kwenda Christchurch ilibaki wazi. Rekodi ya dunia ya Bayi ilizaliwa katika nafasi iliyofunguliwa na uamuzi huo.

Kirk alifariki mwaka 1974. Mwishoni mwa mwaka 1975 chama kingine kilishika serikali chini ya Robert Muldoon, naye alishika msimamo kwamba serikali haipaswi kuwazuia wachezaji kwenda watakako. Timu ya New Zealand ikaondoka kwenda Afrika Kusini katikati ya mwaka 1976. Tarehe 16 Juni mwaka huo polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto walioandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Damu ilikuwa haijakauka wakati wachezaji wa raga wa New Zealand walipokuwa wakikaribishwa katika viwanja vya nchi hiyo.

Hapa ndipo hadithi inapokaza. Mkutano wa wakuu wa nchi wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliofanyika Port Louis, Mauritius, mwanzoni mwa Julai, ulizitaka nchi za Afrika zifikirie upya kwenda Montreal endapo New Zealand itashiriki. Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki na kwamba haikuwa na mamlaka juu yake. Kwa sheria jibu hilo lilikuwa sawa. Kwa mtu aliyetazama Soweto lilikuwa jibu la karani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutangaza kwamba haitakwenda. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika tangu mwaka 1963, na isingaliwezekana nchi iliyowapa hifadhi wapigania uhuru ikatuma wakimbiaji kana kwamba hapana kitu. Zaidi ya nchi 20 zilisusia, nyingi zikiwa za Afrika. Baadhi yake, kama Misri, Kameruni, Moroko na Tunisia, wanamichezo wake walikwisha kuanza kushindana walipoagizwa kurudi. Senegali na Ivory Coast zilibaki.

Stempu zilitolewa katika siku zile zile ambazo uamuzi huo ulikuwa ukipikwa. Posta hufanya kazi kwa mwendo wake: picha huchorwa, huidhinishwa, huchapwa miezi mingi mapema. Siasa ya Julai 1976 haikungoja mtambo wa chapa. Ndiyo maana sura ya Bayi ilikuwa ikipita katika madirisha ya posta wakati redio ikitangaza kwamba hatakwenda.

Tarehe 31 Julai John Walker alishinda fainali ya mita 1500 ya Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Msomaji na aulinganishe muda huo na ule wa Christchurch: ulichelewa kwa sekunde 7. Wakimbiaji walitazamana na kuviziana mizunguko mitatu, kisha wakafyatuka. Aliyekuwa na desturi ya kuwanyima watu nafasi ya kuviziana hakuwapo. Walker alikuwa mkimbiaji mkubwa bila shaka. Mnamo tarehe 12 Agosti 1975, mjini Göteborg, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 3 na sekunde 50, akiinyakua rekodi ya maili ya dakika 3 na sekunde 51.0 ambayo Bayi aliiweka Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei mwaka huo huo. Kila mmoja wa hao wawili alikuwa amemfanya mwenzake kuwa bora. Dunia nzima ya riadha ilikuwa ikingoja Montreal ili iwaone tena pamoja. Na mzaha mchungu wa mambo ni kwamba aliyebaki uwanjani alikuwa mtu wa New Zealand, asiyehusika lolote na raga, na aliyeondoka ni yule aliyeiweka New Zealand katika vitabu vya riadha kwa mbio alizozikimbia katika ardhi yake.

Haki yadai jambo moja liongezwe. Imesemwa kwamba Bayi aliugua malaria muda mfupi kabla ya Michezo, na kwamba hata kama Tanzania ingalikwenda, asingaliweza kukimbia kama alivyokimbia Christchurch. Wapendao visa vilivyonyooka hawapendi kukumbushwa habari hii, kwa kuwa inapunguza utamu wa hasara. Lakini haipunguzi uzito wa uamuzi wenyewe. Serikali ilipoamua haikuuliza kama mkimbiaji wake ni mzima au mgonjwa. Iliamua kwa sababu nyingine, na ingaliamua vivyo hivyo hata kama angalikuwa katika afya kamili. Sadaka hupimwa kwa nia ya atoaye.

Je, ilikuwa sadaka ya bure? Kuna waliosema hivyo, na hasa katika nchi za Magharibi ilisemwa kwamba wanasiasa wa Afrika waliwanyang'anya vijana wao ujana. Neno hilo lina chembe ya kweli: aliyetoa ni Bayi na Akii-Bua na wenzao, na walioamua ni wengine. Hata hivyo, mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, katika Mapatano ya Gleneagles, kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. Na katika miaka iliyofuata timu ya nchi hiyo ilizidi kukosa mtu wa kucheza naye. Ilipozuru New Zealand mwaka 1981, wananchi wa New Zealand wenyewe walijaa barabarani na viwanjani kuipinga. Hapana awezaye kupima sehemu ya Montreal katika mabadiliko hayo kwa mizani ya dawa. Lakini mtu akidai kwamba hayana uhusiano, yeye ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha.

Stempu zile tatu nyingine zastahili kutazamwa pia, maana zina habari ambayo haikukusudiwa na wachoraji wake. Zamani nchi tatu zilikuwa na stempu moja, zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kufikia mwaka 1976 kila nchi ilikuwa imeanza kutoa stempu zenye jina lake peke yake. Hivyo stempu za Olimpiki zilitoka mara tatu: picha ni zile zile, lakini juu yake pameandikwa nchi moja tu. Matokeo yake ni ya ajabu. Mtanzania alinunua stempu yenye jina la Tanzania na sura ya askari polisi wa Uganda, katika miaka ambayo Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi pamoja na Idi Amin. Mkenya naye alibandika sura ya Bayi chini ya jina la Kenya. Undugu ulikuwa umekwisha kung'oka katika maandishi ya juu, na ulikuwa ungali katika picha.

Akii-Bua alikuwa bingwa wa Olimpiki wa Munich katika mita 400 za kuruka viunzi, akiwa ndiye mtu wa kwanza duniani kuzimaliza chini ya sekunde 48: alitumia sekunde 47.82, tena akikimbia katika njia ya ndani kabisa, ambapo kona ni kali. Montreal rekodi yake ilivunjwa na Edwin Moses wa Marekani, 47.64, bila yeye kuwapo kuitetea. Muchoki alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzani mwepesi wa chini, Christchurch 1974, na alikuwa bado na safari ndefu. Alirudia ushindi huo Edmonton mwaka 1978, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Belgrade.

Na zile bendera katika stempu ya shilingi 3? Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na kabla ya mwaka huo kwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera; Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala. Katika machafuko ya mwaka huo Akii-Bua alikimbilia Kenya akiwa mkimbizi, na baadaye Ujerumani. Yule aliyechapwa na serikali tatu hakuwa tena na serikali. Stempu iliyotolewa kwa ajili ya majuma mawili ya michezo ikawa ukumbusho wa mwisho mwisho wa nyumba iliyokuwa ikibomoka.

Katika Ufipa kuna simulizi ya kale iliyoandikwa na mwanaelimu Roy Willis, ambaye alizitafiti mila za Wafipa. Milanzi, au Milansi kwa matamshi ya wenyeji, ndiyo iliyokuwa makao ya mfalme wa kwanza, Ntatakwa. Yasemwa kwamba siku moja mfalme wa Milanzi alipokuwa mbali katika mawindo, walifika wanawake wageni kutoka nchi ya mbali, wakakikuta kiti bila mwenyewe, na utawala wa nchi ukawa wao. Mfalme aliporudi, kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Lakini Milanzi haikufutika: ilibaki na heshima ya ukongwe, ikiitwa kijiji cha milele, na watawala wapya hawakuidharau. Si lazima simulizi hiyo ishikizwe kwenye mbio za Montreal kwa nguvu. Walker hakumpora mtu kitu. Hata hivyo, msikilizaji wa Milanzi, aliyekua na habari za kiti kilichokaliwa mwenyewe akiwa hayupo, angaliweza kuielewa fainali ile upesi kuliko mwandishi wa michezo wa London.

Mambo yaliyofuata yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Mwaka 1978 Bayi alishinda tena mita 1500 katika Michezo ya Afrika, Algiers, na akapata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza kwa tofauti ya sehemu 11 za sekunde mia. Kisha akazirudia mbio za viunzi na maji zilizomshinda Munich alipokuwa kijana.

Mwaka 1980 ilikuwa zamu ya wengine kususia. Rais Carter wa Marekani alitaka mataifa yasiende Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti yaliyoingia Afghanistan, na mwezi Februari alimtuma mwanamasumbwi Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Ali alianzia Dar es Salaam. Nyerere hakukubali kumwona, kwa kuwa aliona ni dharau kutumiwa mwanamichezo katika jambo la dola. Na Ali aliulizwa Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976 Afrika ilipoomba kuungwa mkono. Hakuwa na jibu. Kenya ilisusia, kwa hiyo ikakosa Olimpiki mbili mfululizo. Tanzania ilikwenda, na Uganda ilikwenda, na Akii-Bua alionekana tena uwanjani, lakini miguu ya Munich haikuwapo tena na alitolewa kabla ya fainali.

Bayi alikuwa na umri wa miaka 27. Katika fainali ya mita 3000 za viunzi na maji alikwenda mbele, kama ilivyotazamiwa, akafungua pengo kubwa, na kwa muda ilionekana kana kwamba Christchurch imerudi. Walakini viunzi 28 na maji mara 7 si sawa na njia iliyo tupu. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Polandi alimfikia na kumpita. Bayi alimaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Katika Michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, hizo mbili zilikuwa bado ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Baada ya kustaafu Bayi alianzisha shule zenye jina lake, Dar es Salaam na Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Rekodi ya dunia ya Christchurch ilivunjwa mwaka 1979 na Sebastian Coe, lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliendelea kukaa, hata wajukuu wa waliokimbia naye wakakua. Iliondoka Agosti 2022 mjini Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12. Ilikuwa imedumu miaka 48. Uwanja ilimozaliwa haukudumu hivyo: tetemeko la ardhi la Februari 2011 liliuharibu, nao ukabomolewa.

Stempu ya shilingi 1 si adimu. Zilichapwa nyingi, na mkusanyaji huzipata kwa bei ndogo, safi zisizotumika, zikiwa na gundi yake nyuma. Wanaokusanya kwa ajili ya uzuri huzipenda hizo. Kwa mwenye kutafuta historia, bora ni ile iliyobanduliwa katika bahasha, ambayo muhuri wa posta umepita juu ya kifua cha mkimbiaji na tarehe yake yasomeka. Ikiwa ni tarehe ya siku za mwanzo za Julai 1976, barua ile iliandikwa na mtu aliyeweza bado kudhani kwamba Bayi atakwenda Montreal. Ikiwa ni ya Agosti, aliyeibandika alikwisha kujua.